MSIMU WA MAKABWELA HUKATWA, WA VIGOGO HUSUBIRIWA

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Arusha

NDUGU msomaji, mpira ni dakika 90. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu tukiwa tunapiga chandimu Ngarenaro na Unga Limited. Refa akimaliza pambano dakika ya 60 bila sababu, hapakaliki uwanjani. Sasa nikuulize: mbona msimu mzima unapokatwa katikati, timu ikaambiwa kajipangeni mwakani, hakuna anayepiga hata mluzi?

Jibu unalijua. Anayekatwa ni kabwela. Angekuwa kigogo, kalenda ingepanguliwa, mechi zingesogezwa, waziri angetoa tamko na redio zingekesha zinajadili. Lakini timu ya daraja la chini ikifa mwezi wa tatu, inazikwa kimya kimya kama kuku wa kideri.

Tukumbushane kidogo, maana sisi Watanzania tuna ugonjwa wa kusahau.

Machi 16, 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Hakupatikana Dar es Salaam wala Dodoma. Alipatikana hapa hapa Arusha, msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Machi 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, mikusanyiko na ligi zote kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Mpira ukalala mpaka Mei 21, Rais John Magufuli aliposema michezo irudi kuanzia Juni 1.

Sina ugomvi na hatua ile. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa, na maisha ya mtu hayapimwi kwa pointi tatu. Ugomvi wangu ni juu ya kilichotokea katikati ya Machi na Juni, na juu ya nani alibebeshwa mzigo.

Simba walikuwa wanaongoza Ligi Kuu wakiwa na pointi 71 katika mechi 28. Wao na wenzao wakubwa walikuwa na mikataba, wadhamini na televisheni. Je, yule winga wa daraja la pili anayeshinda Soko la Kilombero akipakua viazi, na jioni ndiyo anakwenda mazoezini, alikuwa na nini? Watalii walikoma kuja. Magari ya safari yakalala gereji. Mfadhili wa timu, ambaye mara nyingi ni mwenye magari, dalali wa mawe ya Mererani au mwenye hoteli ndogo, naye akawa anatafuta pa kukopa. Timu ya mtaani ikikosa mfadhili wake mmoja imekosa kila kitu: mipira, maji, nauli, hata chokaa ya kuchora uwanja.

Halafu likaja la kuchekesha, kama si la kuliza. Mpira uliporuhusiwa kurudi, tamko la kwanza la wizara lilikuwa kwamba Ligi Kuu ikamaliziwe Dar es Salaam, na Ligi Daraja la Kwanza na la Pili zikamaliziwe Mwanza. Yaani timu ya Arusha ambayo haijapata senti ya kiingilio miezi mitatu ibebe vijana wake, ipite Babati na Singida, ikapige kambi kando ya Ziwa Victoria hadi msimu uishe!

Piga hesabu nami, kijana mwenzangu. Msafara ni watu 25. Tuseme kila kichwa kinahitaji Sh 30,000 kwa siku, kula na kulala, tena kwa kujibana. Hiyo ni Sh 750,000 kwa siku. Wiki nne ni Sh milioni 21. Bado nauli. Timu inayochangishana Sh 2,000 kwenye kijiwe cha kahawa ingezitoa wapi? Kelele zikapigwa, mpango ukabadilishwa, na timu zikaruhusiwa kucheza nyumbani na ugenini. Vizuri. Lakini jiulize, aliyeandika tamko lile la kwanza alikuwa anaifikiria timu gani? Bila shaka si ya kwetu.

NJE NAKO NI YALE YALE

Usidhani ni Bongo peke yake. Uingereza, hao tunaowaita baba wa soka, walifanya makubwa zaidi. Machi 26, 2020 chama chao, FA, kilitangaza kwamba madaraja ya chini yasiyo ya kulipwa yamekwisha na matokeo yake yote yafutwe. Yafutwe! Kuna timu ya kisiwani inaitwa Jersey Bulls, ilikuwa daraja la kumi kutoka juu. Ilikuwa imecheza mechi 27 na kushinda zote 27. Ilishapanda daraja tayari kwa hesabu. Ikaambiwa hizo mechi hazikuwepo. Liverpool wao walisubiriwa, ligi ikarudishwa, na Juni 25 mwaka huo huo wakawa mabingwa baada ya miaka 30. Mashabiki wa Liverpool wa hapa Kaloleni mtanisamehe, kikombe chenu ni halali. Ninachosema ni kwamba mwenye televisheni alisubiriwa, asiye nayo akafutwa.

Jirani zetu Kenya, Aprili 30, 2020 shirikisho lao lilitangaza msimu umekwisha na Gor Mahia ni mabingwa. Ukazuka mzozo mkubwa, kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ikipinga. Uganda nao walimaliza mapema mwezi Mei na kuwapa Vipers ubingwa, wakiwa wamecheza mechi 25 kati ya 30. Tofauti ya Uganda ni kwamba walishika kanuni yao: ligi ikisimama baada ya asilimia 75 ya mechi kuchezwa, msimamo uliopo ndio unahesabiwa. Unaweza usiipende kanuni hiyo, lakini ilikuwepo kabla ya ugonjwa. Haikutungwa usiku baada ya kuangalia nani anaongoza.

Hapo ndipo penye hoja. Kanuni inayotungwa baada ya ajali si kanuni, ni upendeleo uliovaa tai.

NJAA INAMALIZA MSIMU KULIKO UGONJWA

Corona ilipita. Lakini daraja la chini linaishi na corona yake kila mwaka, na jina lake ni njaa.

Unaijua safari yake. Septemba timu inaanza kwa mbwembwe, jezi mpya, ngoma na vuvuzela. Desemba posho inakatika. Januari kocha anaacha kuja. Februari wachezaji 13 wanasafiri badala ya 20. Machi timu inashindwa kufika kituoni, mpinzani anapewa ushindi wa mezani, na timu haionekani tena. Kwenye karatasi ligi bado inaendelea, lakini kwa vijana wale msimu ulishakwisha. Kaka yako aliyekuwa namba tisa anarudi kucheza mechi za mbuzi mchangani, na akivunjika mguu huko anajitibu mwenyewe.

Usicheke ukadhani hili ni la timu za uchochoroni tu. Kenya, SoNy Sugar waliokuwa mabingwa wa nchi 2006, mwaka 2019 waliondolewa ligi kuu kwa kushindwa kufika uwanjani mechi tatu. Bingwa mzima wa nchi alishindwa nauli!

Sisi Arusha nasi tutazame kioo. AFC, timu iliyobeba jina la mji wetu, ilishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2010/11. JKT Oljoro wakapokea kijiti, nao wakashuka 2013/14. Tangu hapo jiji hili la mikutano, la utalii, la tanzanite, jiji ambalo dunia nzima inapita kwenda Serengeti na Ngorongoro, limekuwa likihangaika kupata timu yake ya kudumu Ligi Kuu. Na angalia waliojitokeza Championship miaka ya karibuni kutoka mkoa huu: Mbuni na TMA Stars. Wote ni wa jeshi.

Siwaonei wivu askari wetu, hongera zao. Lakini hebu tafakari. Mchezaji mwenye ajira kambini ana kula, ana kulala na ana tiba. Mfadhili akikimbia yeye hakimbii. Timu ya raia haina nguzo hiyo. Maana yake ni kwamba katika madaraja ya chini hatushindanishi miguu tena, tunashindanisha nani ana jiko.

FEDHA ZIPO, ZINASHUKIA WAPI?

Watatuambia nchi haina fedha. Si kweli. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Mwaka 2020 FIFA ilitangaza msaada wa dola milioni 1 kwa kila shirikisho mwanachama kwa ajili ya athari za corona, na dola 500,000 nyingine kwa soka ya wanawake. Machi 2024 ulisainiwa mkataba wa kujenga uwanja mpya hapa kwetu Olmoti, wa watu 30,000, kwa zaidi ya Sh bilioni 280, kwa ajili ya AFCON iliyopangwa 2027 tukishirikiana na Kenya na Uganda.

Uwanja ni jambo jema na hakuna mwenye akili atakayeukataa. Lakini uwanja wa bilioni 280 katika mkoa ambao timu ya daraja la tatu haina mpira wa ziada ni sawa na kumnunulia suti ya harusi mtoto mwenye utapiamlo. Tutawashangilia wageni, tutapiga picha, halafu wageni wakiondoka nani atacheza pale?

Na huu wa zamani, Sheikh Amri Abeid, tuuseme au tunyamaze? Una jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, lakini mmiliki wake ni CCM, kama ilivyo kwa viwanja vingi mikoani. Viwanja hivyo ni urithi wa enzi za chama kimoja, wakati ambapo jasho na mchango wa mwananchi havikuulizwa kadi ya rangi gani. Mwaka 1992 vyama vikawa vingi, viwanja vikabaki vya chama kimoja. Leo timu yako ikicheza pale, mwenye uwanja anachukua chake mlangoni, gharama za mchezo zinachukua chake, na timu iliyotoka jasho inagawana chenji. Halafu tunashangaa kwa nini inashindwa nauli ya kwenda Tabora!

Najua utakachosema, maana nimekisikia kijiweni. Utasema matatizo mengine tunayaleta wenyewe. Ni kweli kabisa. Ziko klabu ambazo mweka hazina ni mke wa mwenyekiti na leja ni mfuko wa shati. Wako viongozi wanaosajili wachezaji 30 kwa ajili ya sifa huku wakijua fedha inatosha miezi miwili. Wako wanaokumbuka timu mwaka wa uchaguzi tu, wa vyama vyote, wakigawa jezi zenye picha zao. Hao nao ni wauaji wa msimu. Lakini uzembe wa mwenyekiti mmoja hauwezi kuwa kisingizio cha kuliacha daraja zima bila ulinzi. Dereva akiwa mlevi hatusemi basi abiria wafe.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, kanuni ya kusimama kwa ligi iandikwe wazi kwa kila daraja, kuanzia ligi ya wilaya hadi Ligi Kuu, na isomwe mbele ya klabu zote kabla ya mechi ya kwanza. Ligi ikisimama mechi nusu zimechezwa, nini kinafuata? Nani anapanda? Nani anashuka? Je, asiyemaliza mechi anarudishiwa ada?

Pili, fungu dogo la fedha za matangazo na udhamini lishuke chini. Si la kulipa mishahara. La nauli, waamuzi na tiba tu. Timu isife kwa sababu ya tiketi ya basi.

Tatu, klabu isiruhusiwe kuanza msimu bila kuonyesha inaumaliza vipi. Na viongozi wasome mapato na matumizi hadharani.

Nne, viwanja vya umma, vikiwemo vya shule na halmashauri, vifunguliwe kwa ligi za chini bila kukamuliwa.

Wewe unayesoma hapa Friends Corner ukisubiri daladala ya Sakina au Tengeru, usinikunjie gazeti ukasema wakubwa watajua wenyewe. Hawatajua. Nenda kwenye mkutano wa klabu yako. Mwenyekiti akisema timu haina fedha, mwambie atoe daftari. Viongozi wa ARFA wakiitisha kikao, klabu yako impeleke mtu anayejua kuuliza, asipeleke anayejua kupiga makofi. Mwaka jana walikukata mwezi wa tatu, ukanyamaza. Mwaka huu ukinyamaza tena, usimlaumu refa.

Tunachoomba si ubingwa. Tunaomba dakika zetu 90.