Kimo cha Ziwa Si Siri ya Jeshi

Kila askari aliyepita chuoni amefundishwa kuwa habari iliyochelewa haina faida. Kanuni hiyo tunaitii tukabiliwapo na adui mwenye bunduki. Yatupasa kuitii pia tukabiliwapo na maji.

Mnamo Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaifunika Gatumba, na maelfu ya raia wakayahama makazi yao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hata maji yakaingia katika bandari ya Bujumbura. Katika misiba ya namna hii wanajeshi na polisi ndio waitwao kuwaokoa watu, kulinda mali zao na kufunga barabara. Kwa hiyo kipimo cha maji kinahusu kazi yetu kama ramani inavyoihusu.

Ziwa hili, lenye urefu wa kilometa zipatazo 670, ni la Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia kwa pamoja. Mito mingi huingia humo, lakini mmoja tu, Lukuga, hutoka, nao uko Kalemie. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu kuja kaskazini, upande wetu. Basi apimaye Bujumbura peke yake amepata nusu ya habari. Nusu nyingine iko Kigoma, Kalemie na Mpulungu.

Nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa mjini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, zikaahidiana kupashana habari. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura.

Vyombo navyo vipo. Tangu 1992 satelaiti hupeleka mawimbi ya rada chini na kupima muda yanaochukua kurudi, na hivyo kujua kimo cha maziwa makubwa. Vipimo hivyo hutolewa bure kwa intaneti. Baharini, maelfu ya maboya ya mpango wa Argo huzama, hupima joto na chumvi, kisha huibuka na kutuma matokeo, ambayo kwa kawaida humfikia kila ayatakaye katika saa 24. Hata hivyo satelaiti hupita ziwani baada ya siku kadhaa, ilhali nguzo ya kupimia iliyopo ufukweni yaweza kusomwa kila asubuhi.

Faida ya kutunza na kutoa vipimo imekwisha onekana hapa hapa. Joto la maji ya ziwa lililopimwa mwaka 1913 liliandikwa na kuhifadhiwa. Miaka 90 baadaye, mwaka 2003, wataalamu walililinganisha na vipimo vipya wakathibitisha kuwa ziwa limeongezeka joto.

Yupo atakayesema kwamba habari za mpakani hazitolewi ovyo. Ni kweli: idadi ya askari na njia za doria ni siri. Lakini kimo cha maji kila mvuvi hukiona. Kukificha hakumdhuru adui yeyote. Humdhuru mama wa Gatumba ambaye angepata siku mbili za kuhamisha watoto.

Basi, penye nguzo karibu na kituo, isomwe kila siku kwa saa ile ile. Iandikwe tarehe, saa, mahali, na sifuri ya nguzo iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, maana pasipo hiyo tarakimu za Kigoma haziwezi kulinganishwa na zetu. Kisha ipelekwe siku hiyo hiyo kwa wataalamu wa Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU. Daftari lililofungiwa kabatini halijamwokoa mtu.