Maoni Yako ni Mali, Ila Ijue Bei Yake

Kama kuna swali lililojaa kwenye meseji zenu siku hizi, basi ni hili: "Dada mhariri, hivi yale madodoso ya kulipwa mtandaoni ni kweli au ni usanii mtupu?" Anayeuliza leo ni mwanachuo anayesubiri bumu lisilofika, kesho ni mama aliyejifungua na yuko nyumbani, keshokutwa ni kaka mwenye kazi nzuri tu lakini mshahara wake unakata pumzi tarehe 10. Nimeona mwezi huu tulizungumze kwa kirefu, kwa sababu jibu lake si "ndiyo" wala si "hapana", na kwa sababu jambo lenyewe limeshaingia hadi vyumbani mwa watu.

Chuo kikuu nilisomea mawasiliano, na huko utafiti wa maoni tulifundishwa tukiwa upande wa anayeuliza. Mwaka jana nikaamua kukaa upande wa pili, upande wa anayejibu. Kwa miezi miwili nilijiunga na kampuni tatu za nje zinazolipa watu kwa maoni yao. Kila jioni baada ya kazi nilishika simu, nikaweka daftari pembeni na kuandika kila kitu: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, nimelipwa nini.

Daftari linasema hivi

Nilifungua madodoso 41. Kati ya hayo, 26 nilikataliwa njiani. Yaliyobaki 15 niliyamaliza. Muda wote uliokwenda, pamoja na ule wa kukataliwa, ni saa 14. Nilichopata ni dola 11 na senti 40. Gawanya mwenyewe: ni kama senti 81 za Marekani kwa saa, na hapo bando hatujalitoa.

Kuna na maudhi ambayo hayaingii kwenye hesabu. Unaambiwa dodoso ni la dakika 10, linakwenda nusu saa. Unajibu maswali 20 kuhusu umri wako, kabila la simu yako na idadi ya watoto wako, halafu skrini inakwambia kwa adabu zote, "Samahani, huna sifa tunazotafuta." Jamani! Hata mwanaume aliyekuacha hakukuacha haraka hivyo. Wengine hawakulipi mpaka ufikishe dola 10, na ukikaribia kufika, maswali yanakauka ghafla. Kampuni moja ilinipa kadi ya zawadi ya duka la Marekani ambalo haliwezi kuniletea hata pini hapa Dar es Salaam. Nyingine, nami niseme haki yake, ilinirushia vocha ya simu ndani ya dakika chache tu.

Tusidhani ni sisi Waafrika peke yetu tunaopunjwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi kuhusu watu wanaofanya vibarua vidogo vidogo, madodoso yakiwemo, kupitia Amazon Mechanical Turk. Ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu, aliyesimama katikati alikuwa anapata kama dola 2 tu kwa saa. Sababu ni ileile iliyo kwenye daftari langu: muda wa kutafuta kazi na muda wa kazi iliyoachwa njiani haulipwi na mtu.

Kwa nini wanakukataa?

Hapa ndipo wengi mnapokasirika, kwa hiyo acheni nitetee kidogo watu wa utafiti. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, liliwatumia watu wapatao milioni 10 kadi za kuuliza watamchagua nani kuwa rais. Zaidi ya milioni 2 walijibu, na jarida likatangaza kuwa Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Matokeo yalipotoka, Roosevelt alikuwa amechukua majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi yalikuwa yameokotwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na enzi zile mwenye simu na gari alikuwa mtu mwenye nazo. Masikini hawakuulizwa, na ndio waliokuwa wengi. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, ila alijitahidi wachanganyike kama nchi yenyewe ilivyo, naye akapatia mshindi.

Tangu hapo anayeuliza hatafuti watu wengi, anatafuta watu wa aina fulani kwa idadi fulani. Akishapata wanawake 50 wa mjini wenye umri wa miaka 30 hadi 39, wewe wa 51 hata ungekuwa na maoni ya dhahabu hakuhitaji. Hajakudharau, nafasi yako imejaa. Ninachomlaumu ni kunimalizia dakika 15 ndipo aniambie. Hilo ni jambo ambalo angeweza kulijua kwa maswali matatu, na muda wangu si wa bure.

Na usijaribu kudanganya ili upite, mwenzangu. Wanakuuliza umri mwanzoni, wanakuuliza tena mwaka wa kuzaliwa mwishoni. Katikati wanachomeka swali la mtego, "Hapa chagua 'sikubaliani kabisa'," ili wajue kama unasoma au unabonyeza tu. Ukinaswa, akaunti inafungwa na vijisenti vyote vinakwenda na maji.

Sasa, faida ipo?

Ipo. Kwanza, si yote ni utapeli. Hapa hapa kwetu, Twaweza walianzisha Sauti za Wananchi mwaka 2013. Kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa simu na chaja ya sola, zikawa zinapigiwa na kuulizwa kuhusu maji, shule, bei ya chakula na mengine yanayowagusa. GeoPoll nao wamekuwa wakiuliza watu wa nchi nyingi za Afrika kwa meseji za kawaida, anayejibu anapata muda wa maongezi. Si utajiri, lakini ni kitu halali.

Pili, na hili sikulitegemea, kuulizwa kunapendeza. Kuna jioni niliulizwa maswali 18 kuhusu sabuni ya kufulia: povu lake, harufu yake, inavyochuna mikono, nani nyumbani anafua. Nikajikuta najibu kwa bidii kama niko bungeni. Nimefua tangu nikiwa darasa la tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza naonaje.

Ugomvi wa saa tano usiku

Hapo sasa ndipo tunapoingia chumbani. Shoga yangu mmoja wa Mbagala alikuwa anajibu madodoso usiku, watoto wakishalala, kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Mumewe akaona mkewe kila siku saa tano usiku amegeukia ukutani, uso unamulikwa na simu, vidole vinakimbia. Akamvumilia wiki mbili. Ya tatu akalipuka: "Mama watoto, huyo unayechati naye ana nini ambacho mimi sina?"

Dada wa watu akampa simu aisome mwenyewe. Kwenye skrini kulikuwa na swali: "Nyumbani kwenu, nani huamua manunuzi makubwa?" Naye alikuwa ameshabonyeza, "Mwenzi wangu peke yake."

Aliniambia kwamba kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko ule ugomvi. Mume hakuudhika kwa sababu ya mwanaume mwingine, hayupo. Aliudhika kuona mkewe amemwambia mtu asiyemjua, tena kwa malipo ya vocha ya mia tano, jambo ambalo yeye hajaambiwa kwa miaka tisa ya ndoa. Akauliza, "Kwani mimi ningekuuliza, ungenijibu hivi?" Mke akasema, "Baba watoto, hujawahi kuniuliza."

Usiku ule walikaa macho mpaka saa nane. Friji iliyokuwa inunuliwe mwezi ule haikununuliwa. Wakanunua cherehani, ambayo mke alikuwa anaitaka tangu mtoto wa pili.

Kabla hujajiunga

Kwa wale mtakaojaribu, shikeni haya:

1. Usilipe kiingilio. Anayetaka maoni yako ndiye anayetoa hela. Ukiambiwa utume elfu 20 ya "usajili" au ulete watu watano ndipo ulipwe, kimbia. Tunaikumbuka DECI, watu "walipanda mbegu" wakingoja mavuno, mpaka Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 wengi wakiwa hawajavuna kitu.

2. Uliza utalipwaje kabla hujajibu swali la kwanza. Wenzetu wa Kenya tangu mwaka 2018 wanaweza kutoa pesa PayPal na kuziingiza M-Pesa. Wewe usidhani, hakikisha njia hiyo inafanya kazi kwenye nchi yako na kwenye laini yako. Kama malipo ni kadi ya duka la ughaibuni, waachie wa ughaibuni.

3. Usiuze usichomiliki. Mwaka 2014 watu kama 270,000 walijibu dodoso la tabia kwenye programu ya Facebook, wakilipwa vijisenti. Programu ile ikachota na taarifa za marafiki zao. Siri ilipofichuka Machi 2018, Facebook ilikadiria kuwa taarifa za watu hadi milioni 87 huenda zilifika kwa Cambridge Analytica, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za kisiasa. Kwa hiyo programu ikiomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, katalia hapo. Namba ya NIDA, namba ya siri ya pesa za simu, tarakimu zilizotumwa kwa meseji, hivyo havihusiani na sabuni. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza ni kidole chako.

4. Jiwekee muda. Nusu saa kwa siku, basi. Hii ni hela ya bando na ya mandazi, haiwezi kuwa kodi ya nyumba. Ukiona unaacha kutafuta kazi au unaacha kuandika tasinifu yako kwa ajili ya senti 81 kwa saa, funga simu.

5. Mwambie mwenzio. Mwonyeshe na skrini. Simu inayofichwa huzaa maneno hata kama ndani yake kuna maswali ya margarini.

Dodoso la nyumbani

Mimi akaunti mbili nimezifunga, moja nimeibakiza, ile inayolipa vocha. Ila kitu kimoja nimekichukua kwao bila kulipa. Watu wale, pamoja na ubahili wao, wanajua kuuliza. Wanauliza swali moja kwa wakati, hawakukatizi, hawakwambii umekosea. Sisi ndani ya nyumba zetu tunauliza "umekula?" na "hela imebaki ngapi?", basi, tunazima taa.

Jaribu mwezi huu, shoga, na wewe kaka pia. Muulize mwenzio maswali matatu tu. Katika tunavyotumia hela, kipi kinakukera? Ni jambo gani ninaliamua peke yangu na wewe ungependa tuliamue wote? Kuna kitu umekitaka muda mrefu hujasema? Halafu nyamaza usikilize mpaka mwisho, hata jibu likichoma.

Halafu niandikie uniambie ulijibiwa nini. Vocha sina, ila kila barua nitaisoma. Tukutane mwezi ujao.