Msomi wa Kilimo Hai Arudi Munanila

Mtu akipanda kutoka Kasulu kuelekea mpaka wa Burundi hufika Munanila, katika vilima vya Buha, penye hewa ya baridi, migomba iliyozizunguka nyumba, mibuni, na mashamba ya maharage na mahindi yanayoteremka hata mabondeni. Nchi hiyo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Tuseme kijana wa huko, binti wa mkulima, amekwisha kupata shahada ya kwanza ya kilimo pale Morogoro, naye arudi nyumbani kuwaaga wazee kwa kuwa amepata nafasi ya kusomea digrii ya pili huko Ujerumani. Wamwuliza anakwenda kusoma nini. Ajibu ya kwamba ni kilimo hai na mifumo ya chakula, yaani kulima bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa za viwandani, kwa samadi, mboji na kuchanganya mazao. Hapana shaka mzee mmoja atacheka na kusema, "Hayo bibi yako aliyafanya bila kupanda ndege."

Swali lililomo katika kicheko cha mzee huyo si la kudharauliwa. Ni swali la haki la kila mkulima na mfanyakazi ambaye jasho lake ndilo lililomsomesha kijana huyo tangu darasa la kwanza. Je, ni akili kumpeleka mtoto wetu Ulaya akafundishwe samadi? Sisi twajibu ya kwamba ni akili, lakini kwa sharti moja ambalo tutalitaja mwishoni.

Kwanza wasomaji wetu wafahamu elimu yenyewe ni ipi. Chuo Kikuu cha Hohenheim, karibu na mji wa Stuttgart, hufundisha digrii ya pili ya kilimo hai na mifumo ya chakula kwa muda wa miaka 2, kikishirikiana na vyuo vya Austria, Denmark, Ufaransa na Poland, hata mwanafunzi aweza kusoma mwaka mmoja hapa na mwaka wa pili pale. Chuo hicho hakikuzaliwa na anasa. Mwaka 1815 mlima wa moto wa Tambora, huko Indonesia, ulilipuka, majivu yake yakalifunika jua, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Mazao yalioza, watu wakafa njaa, na mwaka 1818 mfalme wa Württemberg akakianzisha chuo cha kilimo hapo Hohenheim ili nchi yake isipatikane tena na msiba kama huo. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, pale Nkozi, hufundisha elimu iliyo jamaa na hiyo hata kufikia udaktari. Kwa hiyo kijana wa Munanila si lazima avuke bahari. Aweza kulizunguka Ziwa Viktoria tu.

Pili, mzee wetu ana haki anaposema ya kwamba bibi alikuwa na elimu hiyo. Mwingereza Albert Howard, ambaye watu wengi humhesabu kuwa baba wa kilimo hai cha siku hizi, alikwenda India kuwafundisha wakulima, naye akakiri ya kuwa wao ndio waliomfundisha. Huko Indore, kati ya mwaka 1924 na 1931, aliipanga njia yake ya kutengeneza mboji. Hapa kwetu Wamatengo wa Mbinga walichimba ngoro katika miteremko mikali, wakafukia nyasi ndani yake, wakauzuia udongo usichukuliwe na maji, miaka mingi kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, walikwenda kujifunza kwao. Hiyo ndiyo njia ya heshima: msomi akaenda kwa mkulima akiwa na daftari tupu.

Lakini hapa hatuna budi kusema neno ambalo wapenzi wengi wa kilimo hai hawapendi kulisikia. Mkulima asiyetia mbolea ya viwandani kwa sababu hana fedha siye mkulima wa kilimo hai. Huyo ni mkulima aliyekosa. Kumpamba kwa jina zuri, na kuwaambia wageni ya kwamba nchi yetu tayari ni ya kilimo hai kwa kuwa wakulima wake ni maskini, ni kuugeuza umaskini kuwa sifa. Kilimo hai si kutokutia kitu. Ni kutia maarifa mahali pa chumvi, na maarifa hayo ni mazito kuliko mfuko wa kilo 50.

Tazama udongo mwekundu wa vilima kama vya Munanila, ambao mvua nyingi imeuosha hata ukawa na uchachu. Udongo wa namna hiyo huikamata fosforasi na kuinyima mizizi ya mmea. Mtu aweza kusema, "Tieni samadi." Vema, lakini ng'ombe hawezi kutoa fosforasi ambayo hakuila, na kama majani yake yametoka katika udongo uleule uliochoka, basi samadi yake nayo imechoka. Je, tufanyeje? Mbegu za maharage zaweza kusaidiwa na vijidudu vya mizizi viletavyo naitrojeni kutoka hewani. Alizeti pori, ambayo watu huikata na kuitupa kama gugu, ina majani yenye rutuba nyingi, kama wachunguzi wa magharibi ya Kenya walivyoonyesha katika miaka ya 1990. Na huko Minjingu, mkoani Manyara, tunao mwamba wa fosfati ambao ukisagwa hufanya kazi vizuri hasa katika udongo wenye uchachu, nao hukubaliwa katika kilimo hai. Lakini kutoka Minjingu hata Munanila ni safari ya kuikata nchi nzima. Nani ausafirishe, kwa gharama gani, na mkulima atie kiasi gani? Bibi hakuwa na jibu la maswali hayo, wala hatukuwa na haki ya kumdai. Ni maswali ya digrii ya pili.

Tena elimu hii imekwisha kupimwa, haisimami juu ya imani tu. Huko Therwil, Uswisi, tangu mwaka 1978 mashamba ya kilimo hai na ya kilimo cha kawaida yamekuwa yakilimwa bega kwa bega. Matokeo ya miaka 21, yaliyotangazwa mwaka 2002, yalionyesha ya kuwa mavuno ya kilimo hai yalikuwa pungufu kwa asilimia 20, lakini mbolea na nishati zilipungua kwa asilimia 34 hata 53, na dawa za kuua wadudu kwa asilimia 97. Nchini Kenya, pale Chuka na Thika, jaribio kama hilo lilianza mwaka 2007. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha ya kuwa mahindi ya kilimo hai, yakilishwa mboji na samadi ya kutosha, hukaribiana na yale ya mbolea ya viwandani. Na huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wachunguzi waligundua ya kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mahindi, na majani ya tembo yakazunguka shamba, kiduha hufifia na nondo wa mahindi huvutwa nje. Hayo si uchawi wala mapokeo. Ni kazi ya watu waliosoma, waliohesabu, na waliovumilia miaka mingi kabla ya kusema.

Wale wasiovumilia tumeyaona yaliyowapata. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea zote za chumvichumvi kutoka nje, kana kwamba udongo ni karani apokeaye amri. Mpunga ulipungua, chai ikapungua, wakulima wakaandamana, na kabla ya mwaka huo kwisha amri ikaanza kuondolewa. Sisi hapa, mbolea ilipopanda bei kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine, serikali yetu ilianzisha ruzuku mwezi Agosti 2022, na mkulima akapumua. Hatuoni ugomvi kati ya ruzuku ile na elimu tunayoizungumza leo. Lakini twauliza: ikiwa vita vya watu wengine, mbali huko, vyaweza kupandisha bei ya ugali wa Kigoma, je, nchi hiyo inajitegemea? Mtu mwenye magongo asiyatupe kabla hajajifunza kutembea. Lakini asiache kujifunza kutembea kwa kuwa amepewa magongo.

Wafanyakazi wa mijini wasidhani ya kwamba shauri hili ni la wenye majembe tu. Ndiyo maana elimu yenyewe haikuitwa kilimo hai peke yake, bali pia mifumo ya chakula. Kila gunia la maharage liendalo Dar es Salaam huondoka na sehemu ya rutuba ya kilima kilichoyazaa. Mjini huliwa, na mabaki yake hutupwa katika jalala la Pugu Kinyamwezi, wala hakuna kirudicho kilimani. Mwaka baada ya mwaka kilima hutoa, na jalala hupokea. Kadhalika mfanyakazi anunuaye mchicha na nyanya sokoni hajui vimepigwa dawa gani, wala juzi au jana. Chakula cha familia yake ni jambo la haki yake, sawasawa na mshahara.

Na iko habari ya soko. Tangu mwaka 2007 Afrika Mashariki ina kanuni yake ya mazao ya kilimo hai na alama yake ya Kilimohai. Lakini soko la Ulaya lina sheria zake, na sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2022, yataka kundi la wakulima wenye cheti kimoja liwe na usajili wake lenyewe, na lisizidi watu 2,000. Chama cha ushirika chenye wakulima wengi zaidi kinalazimika kujigawa. Asipokuwapo mtu wetu wa kuisoma sheria hiyo, kuifahamu na kubishana juu yake, basi ataisoma mtu wa kati, naye atajilipa kutoka katika kahawa ya mkulima. Unyonyaji wa siku hizi haubebi kiboko, hubeba karatasi.

Basi twafika kwenye sharti letu. Historia imetufundisha mara mbili. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta na mabwana wakubwa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Hawakuuchunguza udongo wala mvua kwa kutosha, na hawakuwauliza Wagogo. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikufa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Hiyo ni elimu isiyokuja kwa mkulima. Upande wa pili, wakati wa ukoloni Buha ilifanywa ghala la manamba. Vijana wenye nguvu waliondoka kwenda kukata mkonge Tanga, na vilima vikabaki na wazee. Leo kijana hachukuliwi tena kwa lori la mkonge, huchukuliwa kwa cheti. Akisoma na asirudi, hasara ya kilima ni ileile.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na TANU ilipokutana Iringa mwaka 1972 ilitamka ya kwamba siasa ni kilimo. Tangu Novemba 2023 nchi ina mkakati wa taifa wa kilimo hai, utakaofika mwaka 2030. Mkakati bila watu ni karatasi. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kijana anayesomeshwa elimu hii kwa fedha ya umma afanye utafiti wake katika kijiji cha nchi hii, wala si katika shamba la chuo cha ugenini tu. Pili, matokeo yake yaandikwe pia kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, na wakulima wamwulize maswali. Huo ndio mtihani wa mwisho. Tatu, halmashauri kama Buhigwe ziwe na nafasi ya kazi inayomngoja, yenye mshahara na pikipiki, maana hatuwezi kumlaumu asiyerudi mahali pasipo kiti chake. Nne, Chuo Kikuu cha Sokoine kipewe nguvu ya kuifundisha elimu hii kikamilifu, ili safari ya Ulaya iwe ya wachache wanaokwenda kutafuta kile ambacho hapa hakipo.

Hayo yakifanyika, tutamjibu mzee wa Munanila bila haya. Tutamwambia: ni kweli, baba, bibi aliyajua mengi, na binti huyu hakwenda kumsahihisha. Alikwenda kutafuta sababu ya yale aliyoyajua bibi, na dawa ya yale yaliyomshinda. Naye mzee ana haki ya kungoja na kutazama. Mahindi ya msimu wa pili baada ya binti kurudi ndiyo yatakayosema kama fedha yetu ilipotea au haikupotea.