Depo ya Karibu na Reli: Tununue kwa Jina la Nani?



Hapa Kamina kuna hangari inayouzishwa karibu na reli: depo nyuma, ofisi mbele, na nafasi ya kuweka mashini ya kusaga. Kila mukutano tunaofika, tunaulizwa neno lile lile: tukusanye franka, tuinunue?

Sisi waagronomu tunasema ndiyo, lakini si kwa namna tunavyosikia ikipangwa.

Hamu yenu tunaielewa. Mwezi wa tano mahindi inajaa, wafanyabiashara wanafika na bei yao na kipimo chao, na munauzisha kwa sababu hakuna pa kuweka. Mwezi wa kwanza munarudi kununua unga kwa bei kali. Tena, hangari kama hizi hazikujengwa hapa bure. Reli ya Bukama mpaka Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na ile ya Kabalo mwaka 1956, Kamina ikawa njia panda. Mwenye depo hapa anaweza kungoja treni, hata ikichelewa (na itachelewa).

Shida ni jina. Tunasikia: "Tuandike kwa jina la prezida, itakuwa mbio." Na wengine wanaongeza hoja ya sheria, nayo si ya uongo. Kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, udongo ni wa Leta. Raia anaweza kupewa konsesio isiyo na mwisho. Koperative, kwa kuwa si mutu wa mwili, inapewa ya miaka tu, isiyopita 25, na inaweza kufanywa upya. Basi wanaona heri ile isiyoisha.

Ndiyo, haiishi. Lakini ni ya prezida! Akifa, watoto wake watakuja na sertifika yenye jina la baba yao, na hawatakuwa wezi. Ninyi mutakuwa na nini mukononi? Daftari ya michango. Sisi tungechagua miaka 25 kwa jina la wote.

Kwa hiyo koperative iwe kwanza imeandikishwa katika rejista ya koperative, kufuatana na sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka 2012. Bila hiyo haina jina mbele ya sheria. Kisha muombe muuzaji sertifika yenyewe, si fotokopi, mukaihakikishe kwenye ofisi ya hati za udongo mbele ya kutoa hata franka moja.

Na ukubwa, je? Depo ya meta 10 kwa 20, mukiacha njia za kupita na nafasi kando ya kuta, inabeba zaidi ya tani 150. Hiyo ni mifuko 1500 ya kilo 100. Koperative moja itaijaza kweli? Tunaona vikundi vitatu ao vine vinunue pamoja, kona moja iwekwe mashini. Muingie pia wakati mvua inanyesha, muangalie manjanja na sima. Mahindi iliyokauka mpaka asilimia 13 inaoza tena kama maji inapanda kutoka chini.

Muuzaji akikubali, mukodishe kwanza musimu mumoja, tangu mwezi wa tano mpaka wa kwanza. Kama anakataa hata kuonyesha karatasi, mumuachie hangari yake.