Mlinzi wa mbuga akamate, hakimu ahukumu

Sisi vijana wa kando ya mbuga ya Virunga, wenye diplome na bila kazi, tunasema wazi: mlinzi wa mbuga si adui wetu. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja. Tarehe 10 Januari 2021, wengine 6. Walikuwa vijana kama sisi. Tungali tunawalilia.

Lakini kuwalilia hakutukatazi kuuliza: uwezo wa mlinzi unaishia wapi?

Sheria ya Februari 2014 juu ya ulinzi wa mazingira inampa mlinzi aliyekula kiapo uwezo wa kutafuta kosa na kuliandika. Haimpi uwezo wa kuhukumu. Kupiga mtu si hukumu. Kumlipisha pesa porini bila karatasi si amandi, ni wizi. Katiba, kifungu cha 18, iko wazi: mtu akikamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, awasiliane na familia yake mara moja, na saa 48 zikipita aachiliwe ao apelekwe mbele ya sheria.

Tunajua pia hakimu wa raia akiwekwa kando inakuwa namna gani. Februari 2020, Bukavu, mahakama ya kijeshi ilihukumu Watwa wa upande wa Kahuzi-Biega, wamoja miaka 15. Kifungu cha 156 kinasema mahakama hiyo ni ya wanajeshi na polisi. Mwanakijiji si mwanajeshi.

Kuna watakaosema tunatetea wakata miti. Hapana. Makala ya mbuga inalisha makundi yenye silaha, tunajua. Lakini anayekamatwa kila siku ni mama mwenye gunia moja mgongoni. Mwenye kuuza malori mazima analala kwake bila wasiwasi. Mama huyo akipigwa, kesho hataambia mlinzi nani amepita usiku na bunduki. Hapo mlinzi mwenyewe anabaki bila macho.

Kwa hiyo tunadai:
– kila mtu anayekamatwa aandikiwe karatasi, na vitu vyote alivyonyang'anywa viandikwe humo;
– afikishwe kwa mwendesha mashtaka ndani ya saa 48;
– mlinzi anayepiga raia ashtakiwe mbele ya watu wote, asihamishwe tu kituo;
– serikali ilipe walinzi vizuri na kwa wakati.

Sheria inayomlinda mlinzi na raia pamoja, ndiyo italinda mbuga.