Kunakili gitaa si kurekodi mara mbili

Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za PHP na hifadhidata, leo mniwie radhi. Kuna uongo unaozunguka katika studio ndogo ndogo, na kwa kuwa ni uongo wa hesabu, mimi unanihusu.

Uongo wenyewe ni huu: ukitaka gitaa lisikike pana, rekodi mara moja, nakili traki, peleka moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, kisha chelewesha moja kwa milisekunde 10 hivi. Eti umepata magitaa mawili kwa bei ya moja.

Ukivaa hedifoni inasikika tamu, sibishi. Lakini Helmut Haas alishaeleza katika tasnifu yake ya 1949 kwamba sauti ile ile ikifika mara mbili kwa tofauti ndogo ya muda, ubongo huzihesabu kuwa moja na kuiweka upande ule iliotangulia kutokea. Kwa hivyo hata huo upana wenyewe umeegemea upande mmoja.

Balaa linaanza tukigeuza wimbo kuwa mono. Kwa kompyuta, sauti ni orodha ya namba tu, na mono ni mstari mmoja wa programu:

mono = (kushoto + kulia) / 2

Nakala ikichelewa milisekunde 10, kila masafa ambayo ucheleweshaji huo ni nusu ya mzunguko wake, au mzunguko mmoja na nusu, au miwili na nusu, hukutana na kinyume chake na kujifuta. Hapo tunazungumzia hezi 50, 150, 250, 350, na kuendelea hivyo kila baada ya hezi 100. Ukichora mchoro wake utaona meno ya kitana.

Sasa shika gitaa. Uzi wa nne, D, una msingi wa hezi 147 hivi. Katika mono msingi huo unabaki kama sehemu moja kwa kumi ya ukubwa wake. Uzi wa tatu ulio jirani yake, G, uko kwenye hezi 196, nao unapita karibu mzima. Mpiga gitaa amejitahidi nyuzi zake zitoke sawa, wewe umemzimia mmoja na kumwachia mwingine. Halafu unamwambia gitaa lake ni bovu!

Mbaya zaidi ni wale wanaogeuza nakala juu chini ili "ifunguke". Kulia ikiwa ni kushoto yenye alama ya kutoa, jumla ni sifuri. Gitaa halipungui, linatoweka kabisa.

Najua jibu lenu: "Nani anasikiliza mono siku hizi?" Haya, tuhesabu. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja. Spika nyingi ndogo za Bluetooth pia. Kumbi nyingi za kanisa na harusi zimefungwa mono, maana hakuna anayetaka waliokaa kushoto wakose nusu ya wimbo. Na redio je? Mfumo wa FM stereo, ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961, hutuma jumla ya kushoto na kulia kama ishara kuu, na tofauti yao kwenye kibebeo cha kilohezi 38. Redio ndogo ya mono husoma jumla peke yake. Hata redio nyingi za stereo, mawimbi yakiwa hafifu, hurudi taratibu kwenye mono. Yaani kijana amelipia studio kwa saa, wimbo umechezwa redioni, na shangazi yake kule kijijini anasikia ngoma na sauti. Gitaa limebaki studio.

Wengine watasema hata Beatles walitumia nakala. Kweli, mwaka 1966 Ken Townsend wa studio za Abbey Road alibuni njia ya kuzidisha sauti kwa tepu. Lakini kasi ya ile tepu ilikuwa ikibadilishwa, kwa hivyo ucheleweshaji haukusimama mahali pamoja. Tena albamu zao za wakati huo zilichanganywa kwa mono pia. Walisikia walichokuwa wakifanya. Wewe umesikia?

Kisingizio cha mwisho: "Mpiga gitaa hawezi kurudia sawasawa." Ndugu yangu, hicho ndicho tunachokitaka! Akipiga mara ya pili, tofauti ndogo za mkono wake hubadilika kila noti, kwa hivyo hakuna masafa yanayofutwa mfululizo. Magitaa hayo mawili katika mono yatashuka kama desibeli 3 tu yakilinganishwa na sauti ya mwimbaji iliyo katikati. Hilo linavumilika. Na kama hawezi kabisa kurudia, mpe kazi nyingine: apige mwitikio, au kodi zile zile juu zaidi shingoni. Sikiliza benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, magitaa yanajibizana, kila moja na lake la kusema.

Onyo moja kwa mnaoweka maikrofoni mbili mbele ya amplifaya moja: tofauti ya sentimita 34 ni karibu milisekunde 1, na ukizichanganya unachimba shimo kwenye hezi 500, 1500 na 2500. Sogeza maikrofoni kwanza, achana na vitufe vya kuongeza na kupunguza masafa.

Kipimo ni bure. Bonyeza kitufe cha mono katika programu yako kabla mteja hajaondoka. Gitaa likiyeyuka, mrudishe kitini apige tena. Dakika tano hizo ni sehemu ya kazi aliyokulipa.