Mvua Ikinyesha, Tembo Huenda Wapi?

Mwezi huu tuongelee jambo ambalo wengi tunaliogopa kimyakimya: mnapendana sana mkiwa hamna kitu, halafu mshiko ukiingia kila mtu anashika njia yake.

Mimi na mume wangu tukienda kwao Nandagala, kule Ruangwa, tukiwa na nafasi huwa tunakata kona Kibiti na kushika njia ya Mloka hadi geti la Mtemere. Hapo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Tumeingia Oktoba, kiangazi kimekolea, na tumeingia Januari, mvua zikiwa zimeshanyesha.

Oktoba ni raha tupu. Madimbwi ya porini yamekauka, kwa hiyo tembo, nyati na swala wamejaa pembeni mwa mto Rufiji na maziwa yake. Viboko wamebanana mpaka wanang'atana. Ukiwaona utasema hawa wanapendana kweli. Wapi! Kiu ndiyo imewakutanisha.

Mvua zikinyesha, maji yako kila kona. Swala pala wana watoto. Tembo, ambaye kiangazi alikuwa anabandua magome ya miti, sasa anakula nyasi mbichi na hana sababu ya kushinda mtoni. Unazunguka na gari saa nzima humwoni. Mgeni anadhani wamehama, kumbe wametawanyika tu.

Kule Nandagala mvua ya namna hiyo ni hela ya korosho. Mama mkwe aliwahi kuniambia, "Mwanangu, wakati wa njaa mume hana pa kwenda. Mwangalie akishauza korosho."

Kwetu Dar, korosho yetu ilikuwa cheo. Mume wangu alipopandishwa, tukaacha kugombea daladala pamoja. Kila mtu na gari lake, kila mtu na ratiba yake. Hakuna aliyechepuka. Lakini zilipita wiki mbili hatujala meza moja, nikaanza kujiuliza: yale ya chumba kimoja Manzese yalikuwa mapenzi, au kiu tu?

Tembo ndio walionijibu. Majike na watoto wao wakitawanyika kula, hawapoteani. Huitana kwa mngurumo mzito, mwingine wa chini kiasi kwamba sikio la binadamu haliupati, na mwenzao huusikia kutoka kilomita kadhaa.

Nikamwambia mume wangu wazi: sitaki turudi kwenye dhiki, nataka uniite. Tukakubaliana kila Jumatano tule nyumbani, simu zimezimwa. Ni mwezi wa nne sasa. Ameshindwa mara mbili, na mara zote alipiga simu kabla sijaandaa meza. Kwangu huko nako ni kuita.

Kwa hiyo, msomaji, usimpime mwenzako kwa alivyokuganda siku za shida. Sikiliza mvua ikinyesha: bado anaita? Na wewe je, unaitika?

Tukutane mwezi ujao.